MTU AKIANGUKA GHAFLA, JE, TUSEME AJALI IMEFIKA?



Ndugu Waislamu, wazee wetu, wamama wetu, na ninyi vijana mnaosoma karatasi hii mkingojea imamu apande mimbari: leo tunaomba subira yenu juu ya jambo lililotokea mbele ya macho yetu wenyewe, na juu ya swali ambalo limekaa kifuani mwangu mimi mwandishi tangu usiku ule.

Ilikuwa mwezi wa Shaabani, mwaka 2023, sala ya Isha. Tulikuwa safu tatu. Katika rakaa ya pili mzee mmoja, fundi wa kinga ambaye wengi wetu alitutengenezea magurudumu kwa deni, alianguka. Hakulia, hakushika kifua, hakuomba maji. Aliinuka kutoka rukuu pamoja nasi, kisha akaenda chini kama gunia. Kati yake na mimi kulikuwa na mtu mmoja tu. Nilisikia kichwa chake kikigonga sakafu. Nilisikia pia pumzi yake, nzito kama ya mtu anayekoroma, kisha kimya, kisha nyingine.

Na sisi tuliendelea kusali. Imamu alikuwa ametupa mgongo, hakujua. Sisi tuliokuwa karibu tuliogopa kukata sala. Tulimaliza rakaa ya pili, tukakaa tahiyatu, tukasimama kwa ya tatu, tukasali ya nne, tukatoa salamu kuume na kushoto. Ndipo tukamgeukia. Macho yake yalikuwa wazi nusu. Mmoja akasema Inna lillahi, mwingine akaanza Yasini, na mimi ndiye niliyetoa kitambaa changu ili afungwe kidevu.

Watu walitusifu. Walisema mzee amepata mwisho mwema, amefia katika sala. Hilo twamwachia Mwenyezi Mungu, na twamwombea liwe hivyo. Lakini swali langu ni jingine: je, mzee alikufa pale alipoanguka, au alikufa wakati sisi tunasali?

Nilikwenda kumwuliza munganga mmoja wa hopitali, mtu mpole, na yale aliyonieleza nimeyasoma tena baadaye katika vitabu vya kazi yao. Nitayasema kwa maneno ya kwetu.

Moyo ni pampu, lakini ni pampu inayoendeshwa na umeme wake wenyewe. Kila pigo linaanza na cheche ndogo inayotoka juu ya moyo na kushuka chini kwa utaratibu, sawa na safu zinavyorukuu kwa takbiri moja. Siku nyingine utaratibu huo unavurugika. Kila uzi wa nyama ya moyo unatetemeka peke yake, bila imamu. Moyo haujatulia, tena unahangaika sana, lakini hausukumi damu hata tone. Huko ndiko kusimama kwa moyo ghafla. Wengi wetu tunakuchanganya na shambulio la moyo, ambapo mshipa unaolisha moyo unaziba na mtu anapata maumivu ya kifua, jasho, pengine maumivu mpaka mkononi au kwenye taya, lakini yuko macho na anasema. Huyo apelekwe hopitali upesi, kwa sababu shambulio linaweza kuleta kusimama. Aliyesimama moyo hasemi kitu. Katika sekunde kumi hivi, au pungufu, fahamu zimekwisha.

Sababu ya upesi huo ni ubongo. Ubongo wa mtu ni sehemu 2 tu kwa 100 za uzito wake, lakini unakula karibu sehemu 20 kwa 100 za oksijeni ya mwili mzima, wala hauna ghala ya maana. Ni kama nyumba ya maskini inayonunua unga wa leo kwa pesa ya leo. Damu ikikatika, baada ya dakika nne hadi sita seli zake zinaanza kuharibika kwa namna isiyorudi. Na haziharibiki zote kwa mara moja. Zinazotangulia ni zile za kuhifadhi kumbukumbu na zile za kuongoza mwendo. Ndiyo maana mtu anaweza kurudishwa, moyo ukapiga vizuri, naye asikumbuke jina la mtoto wake.

Na ile pumzi ya kukoroma niliyoisikia? Munganga alinyamaza kidogo nilipomweleza. Alisema hiyo siyo pumzi ya mtu aliyelala, wala siyo roho inayotoka. Ni sehemu ya chini ya ubongo inayohangaika kuvuta hewa wakati damu haiji tena. Inapatikana kwa wengi katika dakika za mwanzo, na wengine hutikisika kama wenye kifafa. Maana yake ni kwamba wakati ungalipo, lakini ni mdogo.

Kuanzia rakaa ya pili mpaka salamu ya rakaa ya nne, kwa kisomo cha imamu wetu, ni dakika tano. Nimepima kwa saa, siku nyingine, na nilijuta kupima.

Najua baadhi yenu mnasema sasa: huyu mwandishi anafanya ubishi na kadari. Ajali ya mtu haisogei mbele wala nyuma, na kama mzee angekuwa na dakika moja zaidi angeiishi, hata tungesali rakaa mia. Mimi pia naamini ajali imeandikwa. Lakini angalieni vizuri maneno haya tunayatumia wakati gani. Nyumba ikishika moto hatuketi tukasema imeandikwa, bali tunapiga kelele na kubeba maji. Mtoto akiwa na homa tunauza kuku tununue dawa. Kwa mtu aliyeanguka peke yake ndiyo tunakumbuka kadari upesi namna ile. Nadhani ni kwa sababu hatujui la kufanya, na neno kadari linatufunika aibu yetu.

Ajali ya mtu ni siri. Haikuandikwa kwenye paji la uso wake ili jirani aisome. Anayesema "ajali imefika" juu ya mtu ambaye dakika moja iliyopita alikuwa amesimama kwenye safu anadai elimu ambayo hakupewa. Sayyidna Omar alipokuwa njiani kwenda Sham akaambiwa kuna tauni mbele, aligeuza watu wake. Abu Ubayda akamwuliza kama anakimbia kadari ya Mungu. Jibu lake mnalijua, kwamba kutoka na kuingia kote kumo ndani ya kadari ileile. Kwa hesabu hiyo hata mikono ya mtu anayekandamiza kifua cha ndugu yake imo ndani ya kadari. Mzee wetu aliandikiwa muda wake, sawa. Lakini na mimi niliandikiwa kusimama karibu naye, na nitaulizwa juu ya kusimama kwangu.

Kuna kijana mmoja mzaliwa wa Kinshasa, Fabrice Muamba. Alizaliwa mwaka 1988, akaenda Uingereza akiwa mtoto, akacheza mpira. Tarehe 17 Machi 2012 timu yake ya Bolton ilikuwa ikicheza London na Tottenham, naye akaanguka katikati ya uwanja, hakuna aliyemgusa. Alikuwa na miaka 23. Waganga walikimbia uwanjani, na mmoja zaidi, Andrew Deaner, bingwa wa moyo aliyekuja kutazama mpira tu, alishuka kutoka kwenye viti vya watazamaji kwenda kusaidia. Walimkandamiza kifua uwanjani, ndani ya gari na mpaka hopitali. Mashine ilimpiga umeme mara 15. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Aliamka, akasema, akawatambua watu wake. Mwezi wa Agosti mwaka uleule aliacha mpira, lakini aliendelea na maisha yake pamoja na mke na watoto.

Dakika 78! Sasa niambieni: katika dakika ya kumi, mtu angetamka kwamba ajali yake imefika, angekuwa mchamungu au mwongo? Ubongo wake ulibaki kwa sababu mikono ya watu iliusukumia damu kidogo kidogo muda wote huo. Sisemi kwamba kila mtu atarudi. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka hivyohivyo Lyon, Ufaransa, tarehe 26 Juni 2003, akiwa na miaka 28. Waganga walijaribu muda mrefu, hakurudi. Baadaye ilionekana nyama ya moyo wake ilikuwa nene kupita kiasi, ugonjwa wa kuzaliwa nao. Hakuna anayewalaumu waliojaribu.

Lazima niwe mkweli hapa, nisiwauzie matumaini ya uongo. Kule London kulikuwa na mashine. Kwetu mashine hiyo ya umeme ni nadra hata katika hopitali kubwa, na gari la wagonjwa halipo la kuita kwa simu. Moyo unaotetemeka, kwa kawaida, hautulii kwa mikono tu. Mikono inanunua dakika, na mashine ndiyo inayomaliza kazi. Kila dakika inayopita bila kukandamiza na bila mashine inapunguza nafasi ya kupona kwa sehemu 7 hadi 10 kwa 100. Kwa hiyo mzee wetu, hata tungekata sala, huenda tungemzika keshoye vilevile. Sijui, na kutojua huku ndiko kunakoniumiza, kwa sababu hatukununua hata dakika moja.

Lakini sisi watu wa mashariki ya Kongo tuna vifo vya ghafla ambavyo mikono na pumzi vinaweza kuvirudisha hata bila mashine, na hivyo ndivyo tunavyoviona sana. Kwanza maji. Mtoto aliyetolewa mtoni au ziwani bila pumzi, moyo wake umesimama kwa kukosa hewa, siyo kwa kuharibika. Huyo apuliziwe pumzi kwanza, kinywa kwa kinywa, pua imebanwa, ndipo akandamizwe kifua. Asiwekwe kichwa chini miguu juu, asikandamizwe tumbo kutoa maji, mambo ambayo tunayaona kando ya mto kila mwaka. Pili radi. Nchi yetu ni miongoni mwa zinazopigwa na radi kuliko zote duniani, na kijiji cha Kifuka katika Kivu ya Kusini kimeandikwa katika vitabu vya wataalamu kwa jambo hilo. Radi inasimamisha moyo na pumzi kwa pamoja. Mara nyingi moyo unaanza tena wenyewe, lakini pumzi inachelewa, na moyo unasimama mara ya pili kwa kukosa hewa. Ndiyo maana radi ikipiga watu wengi, waganga wanafundishwa kuwaendea kwanza wale wanaoonekana wamekufa, kwa kuwa wanaolia wataishi. Tena aliyepigwa na radi hana umeme uliobaki mwilini, mtu asiogope kumgusa. (Waya wa umeme ulioanguka ni jambo jingine. Huo usiguse, wala aliyeushika, mpaka ukatwe.)

Hapa linaingia jambo la ulozi, na nitalisema ingawa najua litawachukiza wengine. Katika kilio cha mzee wetu, siku ya tatu, jina la mama mmoja mzee, jirani, lilianza kutajwa. Aligombana na marehemu juu ya pesa za kutengeneza gurudumu. Basi sisi wanaume tuliomwacha ndugu yetu chini kwa dakika tano tukisoma, tulikuwa tayari kumtafuta mkosaji kwenye nyumba ya mjane. Moyo wa mtu wa miaka sitini na kitu, mwenye damu ya kupanda isiyopimwa hata mara moja, hauhitaji mlozi ili usimame. Kumtuhumu yule mama ni dhana, na dhana mnajua hukumu yake. Alhamdulillahi maneno yalizimwa kabla hayajaleta mawe.

Nilimwendea shehe mmoja mwenye elimu nikamwuliza juu ya sala ile. Alinijibu bila kusita: kukata sala kwa ajili ya kuokoa nafsi kunajuzu, na kwa anayeweza kuokoa ni wajibu. Wanachuoni wa zamani wametaja kipofu anayekaribia kutumbukia kisimani na mtu anayezama. Sala italipwa, lakini nafsi ikitoka hairudi. Nikamwuliza, basi sisi tuna dhambi? Akasema: aliyekuwa hajui ana udhuru. Nilirudi nyumbani na jibu hilo, lakini halikunitosha, nami namheshimu shehe. Maana tulijua mambo mengine mengi. Tulijua kubishana juu ya kufunga mikono au kuiachilia. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilalamika katika Ihya kwamba kuna miji isiyo na munganga Mwislamu hata mmoja, huku wanafunzi wakisongamana kwenye mabishano ya sheria. Elimu ya kutibu ni faradhi ya kutosheleza: wakiijua baadhi, wengine wamesamehewa, na asipoijua yeyote, wote wana deni. Usiku ule tulikuwa watu zaidi ya thelathini, hapakuwa na hata mmoja. Kutojua kwa mtu mmoja ni udhuru, lakini kutojua kwa msikiti mzima naona kunafanana na uzembe.

Kazi yenyewe siyo ngumu. Mtu ameanguka, umemwita na kumtikisa bega, haitiki, na hapumui au anakoroma tu. Mlaze chali juu ya kitu kigumu. Weka kiganja katikati ya kifua, kiganja kingine juu yake, nyoosha mikono, kandamiza kwa uzito wa mwili kiasi cha sentimeta 5, zisipite 6, acha kifua kirudi, kandamiza tena, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefundishwa atie pumzi 2 kila baada ya 30. Asiyefundishwa akandamize tu, bila kukoma, na wengine wapokezane naye kwa kuwa kazi hiyo inachosha upesi. Mbavu zinaweza kuvunjika, na mbavu zinaunga.

Vijana wameuliza: na akiwa ni mwanamke, siyo maharimu? Dharura inahalalisha, na kama yupo mwanamke anayeweza, atangulie, lakini asitafutwe mtaa mzima huku dakika zinakwenda. Msidhani aibu hii ni yetu peke yetu. Hata Marekani imeonekana kwamba mwanamke akianguka hadharani hukandamizwa kifua kwa uchache kuliko mwanamume. Haya ni kitu kizuri, lakini haikuwekwa ili iue.

Nani ajuaye kama tunamrudisha mtu ili aishi miaka kitandani, bila akili, mzigo kwa mkewe? Swali hili liliulizwa na mzee wa kamati, na ni swali la haki. Wapo wanaorudi hivyo. Lakini anayekandamiza kifua hajui atakayemrudisha ni yupi, na hana haki ya kuhukumu ubongo wa mwenzake kabla ya kujaribu. Anafanya sehemu yake. Ikipita nusu saa, watu wamechoka, munganga hayupo na hakuna dalili, waache bila dhambi. Hatukukalifishwa tusiloliweza. Na kule kwenye mashine za kupumulia, wanachuoni wa Baraza la Fiqhi la Kimataifa walikutana Amman, Yordani, Oktoba 1986, wakaamua kwamba ubongo wote ukisimama kabisa, na waganga mabingwa wakathibitisha kwamba hautarudi na umeanza kuoza, mtu huyo ni maiti hata kama mashine bado inausukuma moyo, na kuiondoa kunaruhusiwa. Basi dini haikutuambia tusukume milele. Ilitukataza tu kutangaza kifo kwa kukisia. Ndiyo maana wanachuoni wa zamani, ambao wanatuhimiza kuharakisha mazishi, walisema kwa aliyezama, aliyepigwa na radi na aliyeanguka ghafla tungoje mpaka iwe yakini.

Mjane wa mzee alinihesabu mimi kuwa mtu mwema, kwa sababu ya kile kitambaa. Kila Idi alinitumia sahani. Mwaka jana nilikwenda kwake nikiwa na mtoto wake mkubwa, nikamwambia yote: ile pumzi, zile rakaa, zile dakika tano. Nilidhani atanifukuza. Aliuliza kama mzee alisema neno lolote. Nikasema hapana. Akauliza kama nilikuwa na hofu. Nikasema ndiyo, niliogopa kuharibu sala mbele za watu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akamwambia mtoto wake: "Kesho uende kwa huyu baba, akufundishe namna ya kukandamiza."

Kijana alikuja. Tulijifunza kwa munganga, sote wawili, kwa kutumia godoro la zamani lililokunjwa. Sasa tuko watu sita. Leo baada ya sala godoro hilo liko uani, upande wa kisima, na wamama watakuwa na yao peke yao na mkunga wa hopitali.